Kila Mwezi Uwe na la Kungojea

Watu wa Kamina tunajua kungoja. Mji wetu ulikua kwa sababu ya reli. Mwaka 1928 njia iliyotoka Bukama ilifika Ilebo ikipitia hapa, na mwaka 1956 ikaungwa na tawi la Kabalo, ndipo Kamina ikawa njia panda ya anayekwenda Lubumbashi, anayekwenda Kasai na anayekwenda Tanganyika. Tangu hapo mtu wa hapa amengoja gari la moshi lililochelewa siku nzima, amengoja mshahara, amengoja jibu la barua ya kazi, amengoja simu ya mtoto aliyekwenda kutafuta maisha Kolwezi. Kungoja kwa namna hiyo kunachosha moyo, maana hakuna unaloweza kufanya ili jambo lije mapema. Unakaa tu, unahesabu siku.

Mtu anayengoja kitunguu kikomae hayuko hivyo. Ana kazi asubuhi na jioni, na kila anachofanya kinaonekana. Kwa maoni yangu hii ndiyo faida kubwa ya bustani ya nyumbani, kubwa kuliko hata mboga zenyewe: inampa mtu jambo zuri la kungojea, na jambo hilo kwa sehemu kubwa liko mikononi mwake. Ushauri wote nitakaoutoa hapa unatoka katika wazo hilo moja. Ipange parsele yako ili usipite mwezi hata mmoja bila kitu kinachokuja.

Najua kuna atakayesema kwamba kwetu bustani ni habari ya tumbo, mambo ya moyo ni ya wenye nafasi. Ni kweli kwamba miaka ya 1990, kazi za mishahara zilipoyumba katika miji yetu, jembe ndilo lililolisha nyumba nyingi, na mihogo ilipandwa mpaka karibu na mlango. Lakini mtu anayelima ili ale haachi kufurahi kwa sababu hiyo. Mama anayechuma sombe aliyoipanda mwenyewe anapata mboga, na pia anapata kitu ambacho soko haliuzi. Hata watafiti wamelitazama jambo hili. Mwaka 2011 Agnes van den Berg na Mariëtte Custers wa Uholanzi walichapisha matokeo ya jaribio dogo la watu 30 wenye bustani. Waliwapa kwanza kazi ya kuwasumbua akili, kisha wengine wakaenda kulima nje kwa dakika 30 na wengine wakakaa ndani kusoma kwa muda huohuo. Homoni ya msongo mwilini ilishuka kwa wote, lakini ilishuka zaidi kwa waliolima, nao ndio walioinuka wakiwa na moyo mwepesi. Jaribio la watu 30 si neno la mwisho. Hata hivyo linakubaliana na anachokijua kila aliyewahi kutoka nyumbani amekasirika, akang'oa magugu kwa nusu saa, akarudi ndani ametulia.

Nitaanza na kiangazi, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunaiacha bustani ife.

Mvua zikikatika mwezi wa nne unapokwisha, watu wanavuna karanga na mahindi ya mwisho, wanaweka jembe nyuma ya mlango, na parsele inabaki vumbi mpaka mwezi wa kumi. Karibu nusu ya mwaka inapita hivyo. Miezi hiyohiyo ndiyo migumu kwa moyo. Nyasi zinakauka, kuanzia mwezi wa saba moto wa porini unaanza, anga linakuwa la kijivu kwa moshi, na majivu yanaanguka juu ya nguo zilizoanikwa. Usiku ni baridi. Kamina iko juu ya mita 1,000, na anga lisilo na mawingu linaachia joto lote la mchana lipotee usiku, kwa hiyo mwezi wa sita na wa saba watoto wanaamka wakitafuta jua ukutani.

Basi baridi hiyo ambayo sisi hatuipendi, kabeji inaipenda. Kitunguu, karoti na kabeji ya Kichina navyo vinaipenda. Nyanya, ambayo wakati wa mvua majani yake yanaoza kwa ugonjwa wa ukungu kabla hujaonja tunda, katika kiangazi inakaa safi kwa sababu majani hayalowi mchana kutwa. Kwa mtu mwenye maji, kiangazi ndicho wakati mzuri kuliko wote wa kulima mboga. Tatizo ni maji, na hapa naomba tupige hesabu ya kweli, maana bustani kubwa kuliko maji yako itakuvunja moyo badala ya kukupa raha. Mboga zinahitaji kama lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Bido moja la lita 20 linatosha mita nne za mraba. Kama nyumba yako inaweza kutoa mabido mawili kwa siku juu ya yale ya kupika na kuoga, tuta lako liwe mita nane za mraba, usizidishe. Maji uliyooshea mboga au mchele yahesabu humo. Ya sabuni kali yaache.

Tuta la kiangazi usilinyanyue. Lichimbe liwe chini kidogo kuliko ardhi inayolizunguka, ili maji yasikimbie. Lifunike kwa nyasi kavu, zile ambazo jirani anataka kuzichoma. Ziombe kabla hajawasha kiberiti. Nyasi hizo zinazuia jua lisinyonye maji, na baada ya miezi michache zinaoza na kuwa chakula cha udongo. Katika miezi ya baridi mwagilia asubuhi, majani yapate kukauka mapema. Joto la mwezi wa nane na wa tisa likija, hamia jioni.

Kazi hiyo ya kumwagilia isikuchoshe kabla hujaijua. Inachukua dakika kumi na tano hivi kwa tuta dogo, na ni dakika ambazo hakuna anayekudai neno. Usizifanye haraka. Inama uangalie. Kitunguu kilichopandikizwa mwezi wa tano kinakaa wiki mbili kama kimekufa, majani yamelala, rangi imepauka. Kisha siku moja unaona jani la katikati limesimama, jembamba, kijani chake kina buluu kidogo, na likikanyagwa na kuku harufu yake inafika mpaka mezani. Kuanzia hapo kila wiki linaongezeka jani. Mwezi wa nane shina linavimba na kuisukuma ardhi pembeni, bega la kitunguu linatokea juu jekundu. Mwisho, shingo ya mmea inalegea yenyewe na majani yanaanguka upande mmoja. Usiyavunje wewe. Yakianguka kwa nusu ya tuta, acha kumwagilia, subiri siku kadhaa, ng'oa, anika kivulini, kisha sukeni majani pamoja na watoto mning'inize jikoni. Mtu aliyeona hatua zote hizo, wakati nje yote ni moshi na vumbi, hakukipoteza kiangazi chake.

Ili kungoja kwenyewe kusiwe kurefu mno, changanya vya haraka na vya polepole. Lengalenga inaliwa baada ya wiki tatu au nne. Matembele yanaanza kuchumwa baada ya mwezi mmoja na nusu. Nyanya inakaa kitaluni kama mwezi, halafu inataka miezi miwili au zaidi baada ya kupandikizwa. Kitunguu kinakwenda miezi minne, mitano ukihesabu tangu mbegu. Mihogo ni mwaka. Anayepanda kabeji peke yake anangoja miezi mitatu bila kuonja kitu, na akipatwa na wadudu wiki ya mwisho anaapa hatalima tena. Mwenye mistari miwili ya lengalenga pembeni anakula jioni hii, na moyo wake unaweza kuisubiri kabeji.

Mwezi wa tisa ni mwezi wa pekee huku kwetu, nao unastahili kutazamwa. Mvua bado, ardhi ni ngumu kama tofali, lakini miti ya porini, ile ya miombo, inatoa majani mapya mekundu kabla tone moja halijaanguka. Miembe ina vitunda vidogo vinavyodondoka kwa upepo. Joto linapanda, watu wanagombana kwa mambo madogo. Nashauri mwezi huu uutumie kwa kazi za udongo, kwa sababu mikono yenye kazi inalibeba joto vizuri zaidi. Chimba mashimo ya migomba na ya miti. Tafuta udongo wa kichuguu. Wazee wetu wanajua kwamba mahindi yanayoota juu au kando ya kichuguu yanakuwa mazito kuliko mengine, na vipimo vya udongo vilivyofanyika kusini mwa Katanga vinaonyesha sababu: mchwa wanapandisha udongo wa mfinyanzi kutoka chini, na udongo huo una chokaa na potasi kuliko ardhi ya kando, ambayo mvua za miaka mingi zimeiosha. Ponda mabonge yake, tandaza juu ya tuta, changanya na samadi ya mbuzi au majani yaliyooza, kwa maana kichuguu peke yake hakina mboji ya kutosha.

Kisha mvua ya kwanza inapiga. Kila mtu anaijua furaha ile, watoto wanatoka uchi uani, harufu ya ardhi inajaa nyumba. Hapo jizuie. Mvua ya kwanza mara nyingi inafuatwa na jua la wiki mbili, na mbegu iliyodanganyika inaota na kufa. Chukua jembe uchimbe kidogo: kama unyevu umefika kina cha kiganja na vidole vyake, panda. Kama chini bado kuna vumbi, ngoja mvua ya pili au ya tatu. Kungoja huku nako kuna utamu wake kwa aliyekwisha kuandaa mashimo.

Panda maharagwe hata kama hupendi sana kuyala, angalau mstari mmoja karibu na mlango, kwa ajili ya kuyaona yakitoka. Siku ya tano au ya sita ardhi inapasuka mstari mwembamba, halafu kipande cha udongo kinanyanyuka. Chini yake kuna shingo nyeupe iliyopinda. Kichwa bado kiko ardhini. Jioni kichwa kinachomoka na ganda la mbegu likiwa bado limeshika upande mmoja. Kesho yake asubuhi mche umesimama wima na majani mawili ya kwanza yanafunguka, yana mikunjo bado. Mwite mtoto aone. Mpe mche mmoja awe wake, aupe jina akitaka, na usimwagilie kwa niaba yake. Mtoto wa miaka sita anayekwenda kuutazama mmea wake kabla ya kunywa chai amejifunza jambo ambalo kwa maneno lingechukua muda mrefu.

Wakati wa mvua hali inageuka. Kiangazi kazi yako ilikuwa kuhakikisha kitu kinakua. Sasa kila kitu kinakua, na magugu kwanza. Bustani inaweza kukushinda, na aliyeshindwa anaanza kuikwepa, anapita upande mwingine wa nyumba asiione. Dawa ni udogo. Nyanyua matuta ili maji yasisimame, palilia sehemu ndogo kila siku badala ya kungoja Jumamosi moja ya mateso. Pia acha mmea ufanye kazi: viazi vitamu na maboga vikitambaa vinafunika ardhi na kuyanyima magugu jua, na majani ya vyote viwili ni mboga. Ndoo na makopo yanayokusanya maji uyafunike au uyapindue, tusiwafugie mbu nyumba. Haya mengine ya msimu wa mvua kila mtu anayajua: maembe kuanzia mwezi wa kumi na moja, uyoga, kumbikumbi kwenye taa, mahindi mabichi ya kuchoma mwezi wa pili. Furaha hizo zinakuja zenyewe, hazihitaji mshauri.

Kuna kinachohitaji ushauri, nacho ni hasara. Kiwavijeshi vamizi, aliyeonekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, ameingia katika mahindi yetu, na anaweza kukata moyo wa mkulima kwa wiki moja. Pita asubuhi na mapema, fungua koo la mmea, mtoe kwa mkono umponde, na weka majivu kidogo humo. Kwa mahindi ya parsele, ambayo unaweza kuyahesabu, kazi hii inawezekana. Mbuzi wa jirani pia watakuja, na siku nyingine mwizi. Kwa mbuzi, weka uzio wa matete au wa miiba kabla ya kupanda, na ongea na jirani kabla ya hasara, si baada yake, maana baada yake maneno yanakuwa makali. Kwa moyo wako mwenyewe, usiweke matumaini yote katika tuta moja. Mwenye vitu vinne vinavyokuja, kimoja kikiharibika, bado ana vitatu. Na siku ya hasara fanya kazi ndogo palepale, hata kupanda mashina matano ya matembele, kabla ya kuingia ndani. Nimeona watu wakiacha kulima kwa sababu walilala na hasira siku ile ile.

Niseme pia juu ya msiba. Kwetu kilio kinawajaza watu uani siku kadhaa. Wanapika, wanaimba, wanalala chini pamoja na mfiwa. Kisha wote wanakwenda kwao, na mjane anabaki na siku ambazo hazina kitu ndani. Ukitaka kumsaidia mtu wa namna hii, usimwambie ajikaze. Siku watu walipokwisha kuondoka, mpelekee fungu la mashina ya matembele au vipande vya mihogo, mpande pamoja, kisha urudi baada ya wiki mbili kuangalia. Tuta lile litamtoa nje kila asubuhi na litampa mgeni, ambaye ni wewe. Mstaafu naye, baba aliyeamka kwa king'ora cha kazi miaka mingi na sasa haamshwi na kitu, anafaidika hivyohivyo. Wapo pia ndugu waliofika mjini wakikimbia vita, wameacha mashamba nyuma. Ukiwapa pembe ya parsele isiyotumika unawarudishia sehemu ya heshima yao. Lakini tusidanganyane: mtu asiyelala usiku, asiyekula, anayesema afadhali kufa, bustani haimtoshi. Mfikishe kituo cha afya, na mtu asiachwe peke yake.

Miti ni habari ya kungoja kwa namna ya mwisho. Mwembe wa kokwa unaweza kuchukua miaka mitano mpaka minane kuzaa, parachichi karibu vilevile. Watu wazima wengi wanasema wamechelewa. Hawajachelewa. Mti unaanza kumpa mtu raha tangu mwaka wa kwanza, anapoona majani yake mapya mekundu, na mwaka wa tatu anapata kivuli cha kiti kimoja. Mtoto akizaliwa nyumbani kwako mwanzoni mwa mvua, panda mwembe wiki ileile. Akianza shule, mti utakuwa unakaribia kuzaa.

Mwisho, mbegu. Usile yote. Acha mashina matatu ya lengalenga, yaliyo bora, yakomae na kukauka, pukuta mbegu zake nyeusi juu ya kitambaa, tia katika chupa kavu. Maharagwe ya mbegu yachanganye na majivu yaliyopoa ili fukusi wasiingie. Chupa moja ya lengalenga inatosha nyumba kumi. Wagawie wengine, na waombe za kwao, kwa sababu bustani yenye mbegu za watu ina majina ndani yake: hii ya shangazi wa Kabongo, hii ya mama wa kanisani, hii ya yule jirani aliyehamia Likasi. Ukipita kumwagilia unawakumbuka mmoja mmoja.

Kama unasoma haya mvua zikiwa bado zinanyesha, una muda. Kitalu cha kitunguu cha mita moja kwa mita moja kinatosha miche ya tuta zima. Kitayarishe wiki hii, sia mbegu mwanzoni mwa mwezi wa nne, kifunike kwa nyasi mpaka miche itokeze, na mwezi wa tano unapoanza kukauka uwe na kitu cha kupandikiza. Kama unasoma kiangazi kimekwisha kushika, anza na lengalenga mita mbili za mraba, bido nusu kwa siku. Asiye na parsele atoboe ndoo kuukuu chini, aijaze udongo na samadi, apande ngai-ngai na pilipili, aiweke mlangoni.

Anza na kidogo, lakini usiruhusu mwezi upite mtupu.